Paa la jeep nalo ni sehemu ya gari

Breki zikikataa, dereva wa Masisi haondoki Sake. Turubai likipasuka, anaondoka. Abiria wanajifunika vitenge, magunia ya maharagwe yanalowa, na jeep ikifika Karuba hasara inabebwa na mama mwenye mzigo, si na mwenye gari. Desturi hiyo imevumiliwa kupita kiasi. Kwa jeep kuukuu isiyo na bati juu, turubai ndilo paa, na paa ni sehemu ya gari kama usukani.

Waliotengeneza magari ya wazi zamani walilijua jambo hilo, kila mmoja kwa hali ya hewa ya kwao. Land Rover, iliyoonyeshwa Amsterdam mwaka 1948, ilikuwa gari la shamba la Waingereza: turubai la pamba juu ya vyuma vya upinde, linafungwa kwa kamba. Pamba ina akili yake. Ikilowa, nyuzi zinavimba na kuziba matundu. Ila ikikunjwa kabla ya kukauka, inaoza. Wajerumani, watu wa baridi, walishona nzito zaidi. Volkswagen ya wazi iliyotoka kiwanda cha Karmann mjini Osnabrück, kuanzia 1949 hadi 1980, ilikuwa na paa la tabaka kadhaa na kioo cha kweli nyuma. Likikunjwa linakaa mgongoni mwa gari kama mtoto aliyebebwa. Wamarekani walitaka starehe: mwaka 1939 Plymouth ilileta paa linalojikunja kwa nguvu ya mashine. Baadaye kwao ikaenea vinili, rahisi kuosha, lakini jua likiipiga miaka mingi inakauka na kupasuka.

Wakongomani wanakumbuka zaidi gari la wazi la tarehe 29 Juni 1960 mjini Léopoldville, pale Ambroise Boimbo alipochomoa upanga wa mfalme Baudouin. Ulikuwa mwezi wa kiangazi, paa halikuhitajika.

Masisi si Léopoldville. Milima yake inapita mita 2,000, mvua ni nyingi, na kati ya mvua mbili jua linachoma. Lakini badala ya turubai nzito, gari linafunikwa shitingi. Shitingi ya HCR, mita 4 kwa 5, ni plastiki iliyofumwa kwa ajili ya kibanda kisichotembea. Juu ya gari upepo unaichapa hadi inakatika kwenye matundu ya kamba. Tena, tangu vita vifike Mushaki na Karuba mwaka 2023, plastiki hiyo ndiyo nyumba ya familia nyingi zilizokimbia. Mkimbizi anayeiuza kwa sababu ya njaa asilaumiwe. Wa kuulizwa ni mfanyabiashara anayezikusanya, na mwenye jeep anayezinunua akijua zimetoka wapi.

Mafundi si tatizo. Mtu anayeshona viti vya pikipiki anaweza kushona paa la jeep, akipewa kitambaa na kipimo. Kitambaa kiwe polista nzito iliyopakwa plastiki pande mbili. Uzi uwe wa polista pia, kwa maana wa pamba unaoza ndani ya mshono huku turubai bado zima. Kipande cha juu kilalie cha chini, kama mabati, ili maji yasiingie kwenye matundu ya sindano. Pindo likunjwe mara mbili kabla ya kutobolewa. Na upinde wa katikati uinuliwe kuliko wa pembeni: paa lililolala sawasawa linageuka beseni, na beseni hilo siku moja linamwagika juu ya abiria.

Turubai la namna hiyo ni ghali, na madereva wengi wanaendesha gari la mtu mwingine. Kwa hiyo gharama imwangukie mwenye gari. Chama cha madereva, ACCO, kinaweza kuanzia hapo hapo Sake: jeep yenye paa lililopasuka isipakie abiria mvua za Septemba zikianza, na gunia likilowa njiani, nauli yake irudishwe.