Ukiandika HAKI Kwenye Komenti, Ni Nani Anakujibu?



Kijana mwenzetu, hili umeshaliona mara nyingi. Posti inapita: mama analia, mwanawe amechukuliwa usiku na watu wasiojulikana. Chini yake imeandikwa: "Andika HAKI tukutumie taarifa kamili inboksi." Kesho ni ustadh anaahidi dua: "Andika AMIN." Keshokutwa ni wakala wa kazi za Ghuba: "Andika DOHA." Unaandika. Sekunde tano hazijaisha, simu inalia: "Waalaykum salaam ndugu yetu, tumeona komenti yako. Bonyeza hapa." Na jina lako limo ndani. Unajihisi umethaminiwa.

Hakuna aliyeiona komenti yako. Aliyekuita ndugu ni mashine.

Msimamo wetu tunauweka wazi mapema. Ukurasa wowote unaosema unatetea haki za Waislamu wa nchi hii hauna ruhusa ya kuweka mashine ijifanye ndugu, kisha iwachote watu majina na namba za simu. Awe mwanasiasa, iwe taasisi ya dini, awe mwanaharakati tunayempenda sana. Na wewe unayefuata kurasa hizi una haki ya kukataa, na unafaa ukatae.

MASHINE INAVYOFANYA KAZI

Hebu tufungue injini tuone ndani. Mwenye ukurasa anajiunga na programu ya kampuni nyingine, mfano ManyChat, na ziko nyingi. Anachagua posti, anachagua neno la kutegea, HAKI ama AMIN. Anaandika ujumbe mmoja na kuacha nafasi tupu ya jina. Basi. Kila atakayeliandika neno lile atapata ujumbe uleule, jina lake limepachikwa. Wawe kumi, wawe elfu kumi, admini amelala zake.

Faida ya kwanza kwake ni kwamba komenti nyingi zinaipandisha posti, ikafika kwa watu wengi zaidi. Yaani machozi ya yule mama yamegeuzwa chambo.

Faida ya pili iko kwenye kile kitufe. Kanuni za Meta, wenye Facebook na Instagram, zinamruhusu mwenye ukurasa kumtumia aliyekomenti ujumbe mmoja tu wa faragha, ndani ya siku 7. Ukinyamaza, mambo yameishia hapo. Ukijibu, hata kwa kubonyeza kitufe cha jibu tu, mlango unafunguka kwa saa 24, na ndani ya muda huo anaweza kukutumia mengine, matangazo yakiwemo. Kwa hivyo lile "bonyeza hapa" ni ombi la kufunguliwa mlango.

Ukishafungua, maswali yanaanza. Jina kamili? Namba ya simu? Kaunti? Kila jibu linahifadhiwa kando ya jina lako, na programu inaweza kukubandika lebo: "anatafuta kazi", "wa Likoni", "ana jamaa aliyekamatwa". Siku yoyote admini anaweza kuwa na faili moja yenye watu wote hao, kama daftari la madeni la dukani. Faili lile laweza kutumwa kwa WhatsApp, kutiwa kwenye flashi, hata kuuzwa. Na maongezi yenu yamepitia kompyuta za kampuni ambayo jina lake hukuwahi kulisikia.

SISI TUNAZIJUA ORODHA

Kuna atakayesema: "Wachukue tu, mimi sina cha kuficha." Haya, tukumbushane.

Aprili 2014, kwenye Operesheni Usalama Watch, watu walizolewa Eastleigh na mitaa mingine wakapelekwa uwanja wa Kasarani kuchujwa kwa makaratasi. Wengi wao walikuwa Wasomali, na wengi hawakuwa na kosa lolote. Mwaka uliofuata, 2015, mashirika mawili ya haki za binadamu ya Mombasa, MUHURI na Haki Africa, yalijikuta kwenye orodha ya serikali na akaunti zao za benki zikafungwa, mpaka mahakama ilipoingilia kati.

Novemba 2020 waandishi wa habari Marekani walifichua kwamba Muslim Pro, programu ya kuonyesha nyakati za swala na kibla iliyo kwenye simu za mamilioni ya Waislamu duniani, ilikuwa ikipeleka data za mahali walipo watumiaji kwa kampuni iliyokuwa ikiwauzia wakandarasi wa jeshi la Marekani. Muslim Pro ikatangaza kukata uhusiano na kampuni hiyo. Lakini fikiria: mtu alitaka kujua Alasiri imeingia saa ngapi.

Juni 2021, hapa hapa Kenya, watu walifungua tovuti ya serikali wakakuta wamesajiliwa wanachama wa vyama vya siasa ambavyo hawajawahi kujiunga navyo. Namba zao za vitambulisho zilikuwa zimeokotwa mahali. Wapi? Kila mtu alibaki kukisia.

Na upande wa pili wa historia hiyo upo, tena ni wa kujivunia. Wanubi, watu waliochoka kupigwa msasa kila wanapoomba kitambulisho, walikuwa miongoni mwa walioipeleka serikali kortini kuhusu Huduma Namba kupitia Nubian Rights Forum. Tarehe 30 Januari 2020 Mahakama Kuu ikasema kukusanya DNA na mahali hasa mtu anapoishi kwa GPS ni kinyume cha Katiba, na kwamba mradi hauwezi kuendelea bila kanuni kamili za kulinda data.

Sasa jamii iliyopigana na serikali kwa ajili ya data zake, leo ijaze namba ya kitambulisho inboksi kwa sababu tu mashine imetanguliza salamu?

"LAKINI KOMENTI TAYARI IKO WAZI"

Kweli, komenti inaonekana na wote. Lakini komenti ina jina la akaunti, pengine hata ni la utani. Inboksi ndiyo inayoongeza simu, mtaa, kazi, na uhusiano wako na aliyepotea. Orodha ya walioandika HAKI chini ya posti ya kijana aliyetekwa, ikiwa na namba za simu na mitaa yao, ni orodha ya watu wenye uchungu na dola. Nani asiyeitaka? Wa kampeni ataitaka. Tapeli ataitaka. Na wale waliomchukua kijana mwenyewe wataitaka. Aliyeikusanya anaweza kuwa na nia safi kama maji ya zamzam, lakini nia yake haifungi faili kwa kufuli.

"ADMINI NI MMOJA, NA KOMENTI NI ELFU"

Hoja hii tunaiheshimu. Kurasa nyingi zetu zinaendeshwa na vijana wa kujitolea, bando yao wenyewe, usiku baada ya kazi. Anayetumia mashine kutuma ratiba ya futari, ama mahali pa kuswalia Idi, hatumgombezi. Aandike tu juu kabisa kwamba huu ni ujumbe wa mashine, na asiulize chochote.

Ugomvi wetu ni pale mashine inapoketishwa kwenye kiti cha mtu. Fikiria mama anaandika saa nane za usiku: "Mwanangu hajarudi tangu jioni, wamemchukua na gari." Na jibu linamfikia papo hapo: "Asante kwa kuwa sehemu ya familia yetu! Bonyeza 1 kuchangia, bonyeza 2 kupata habari zetu." Yule mama anaamini amepata mtu. Anakaa anasubiri.

Na masaa hayo ndiyo yenye thamani. Katiba, kifungu cha 49, inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, ama siku ya kwanza ya korti kufunguliwa ikiwa muda huo unaishia wikendi au usiku. Masaa hayo ni ya kuzunguka vituo vya polisi, kuandikisha ripoti na kupata namba ya OB, kumtafuta wakili. Afadhali ukimya kuliko jibu la uongo. Anayekuta kimya atabisha mlango mwingine. Aliyedanganywa ataketi.

Kujibu salamu kwetu ni wajibu, na wajibu huo uko shingoni mwa mtu. Mashine haina shingo. Ukimwambia Muislamu "tumeona komenti yako" na wala hujaiona, hiyo inaitwa uongo, hata kama umeutuma kwa watu elfu kwa mpigo.

SHERIA IKO UPANDE WAKO

Usidhani tunaleta lawama tupu. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha yako pamoja na mawasiliano yako. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inasema anayechukua habari zako akuambie kwanza anachukua nini, kwa ajili gani, na nani mwingine atapewa. Ridhaa yako unaweza kuiondoa wakati wowote, na mzigo wa kuthibitisha kwamba uliridhia uko kwake. Kuandika neno HAKI kwenye komenti si ridhaa ya kupigiwa simu za kampeni.

Imani yako imetajwa na sheria hiyo kama habari nyeti. Taasisi ya dini ina nafasi ya kushughulikia habari za watu wake, lakini kuzitoa nje bila ridhaa yao haina. Na ukiwa chini ya miaka 18, ni lazima mzazi au mlezi wako aridhie. Je, ile mashine ilikuuliza umri? Wafuasi wangapi wa kurasa hizi bado wako shule?

Ofisi ya Kamishna wa Data inaweza kutoza faini hadi shilingi milioni 5, ama asilimia 1 ya mapato ya mwaka, kile kilicho kidogo. Mwaka 2023 klabu moja ya Nairobi ilitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja bila ridhaa yake. Ikiwa klabu ya starehe inaulizwa, mbona ukurasa wenye picha ya msikiti usiulizwe?

UFANYE NINI

1. Ukiambiwa uandike neno fulani ndio upate habari, uliza hapo hapo kwenye komenti: "Habari yenyewe si muiweke hapa wote tuione?" Habari ya haki haina sababu ya kufichwa inboksi.

2. Ujumbe ukija kwa sekunde chache, jaribu kuuliza jambo ambalo mtu tu angelijibu: "Wewe ni nani, na uko ofisi gani?" Likirudi "Bonyeza 1", toka.

3. Usitume namba ya kitambulisho, picha ya kitambulisho, wala namba ya simu ya mzazi. Hata kama umeitwa ndugu mara kumi.

4. Kazi za Ghuba: hakikisha wakala yuko kwenye orodha ya waliosajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira (NEA) kabla hujajibu chochote. Dada zetu wameumia vya kutosha.

5. Ukiwa umeshatoa habari zako, waandikie uwaulize wanazo zipi, na udai zifutwe. Ni haki yako kisheria. Piga skrinshoti. Wakikataa, peleka malalamiko kwa Kamishna wa Data. Sheria inataka malalamiko yakamilishwe ndani ya siku 90.

6. Jamaa akichukuliwa, usianzie inboksi. Anzia kituo cha polisi kilicho karibu, wakili, na mtu unayeweza kumsikia sauti.

Na nyinyi wenye kurasa, wakiwemo mashekhe wetu na ndugu zetu wa harakati, tunawaomba mambo matatu hadharani. Semeni kama mnatumia mashine. Semeni mnahifadhi nini na nani anakiona. Na futeni orodha ambazo hamna kazi nazo tena. Mkishindwa kujibu maswali hayo matatu, mtawauliza vipi polisi walichofanya na simu ya kijana aliyekamatwa? Amana ni amana, ikiwa mkononi mwa afisa ama mkononi mwa admini.

Uchaguzi ni Agosti 2027. Kuanzia sasa utaitwa ndugu na watu ambao hawajawahi kukusalimia msikitini. Wataposti maumivu yetu na kutuambia tuandike neno moja tu. Kila neno utakaloandika litahesabiwa, litawekwa lebo, na huenda likarudi siku ya kampeni kama simu usiyoijua yenye jina lako kamili.

Ukurasa huu unajibiwa na watu. Tunachelewa, wakati mwingine tunachelewa sana, na mnatulalamikia kwa haki. Lakini ukiona jibu letu, ujue kuna mtu aliyesoma maneno yako mpaka mwisho.

Mtumie posti hii mdogo wako aliyepata simu juzi, na mama anayeandika AMIN kila mahali. Mkalishe chini umweleze.

Wabillahi tawfiq.