Barkhad Abdi anastahili diski nzuri kuliko hiyo ya muvi kumi kwa moja

Nenda kwa muuza muvi yeyote Elwak, Wajir au Garissa umwambie unataka ile ya jamaa aliyemwambia Tom Hanks kwamba sasa nahodha ni yeye. Hutahitaji kueleza zaidi. Kazi inaanza akikuuliza: nikuwekee kwa flashi, au unataka DVD ya muvi kumi kwa moja?

Swali lenyewe linaonekana dogo. Sisi tunasema jibu lake ndilo linaloamua kama utamwona Barkhad Abdi au utaona kivuli chake tu.

Fanya hesabu kidogo. DVD ya kawaida ya tabaka moja inabeba GB 4.7. Ukisongamanisha muvi kumi humo, kila moja inabaki na chini ya MB 500, na Captain Phillips ina dakika 134. Kitu lazima kikatwe. Kinachokatwa kwanza ni picha: bahari ya usiku inageuka matope meusi, nyuso ndani ya mashua ya kuokoa maisha zinakuwa vibonge. Kisha maandishi ya chini ya skrini. Hapo ndipo watu wetu wanapoibiwa bila kujua.

Filamu hiyo ya mwaka wa 2013, iliyoelekezwa na Paul Greengrass, inasimulia utekaji wa meli ya Maersk Alabama mwezi Aprili 2009, ikiwa safarini kuelekea Mombasa. Mapema tu kwenye hadithi tunafikishwa ufuoni Eyl, Puntland. Vijana wanasukumana wakitaka kuchaguliwa kwenda baharini, na waliotumwa na mkubwa wao wanafoka wanataka pesa. Tukio zima ni Kisomali. Ukikosa tukio hilo, wale vijana wanne wanabaki majambazi waliotokea majini bila sababu. Ukilielewa, unajua nani anamwogopa nani.

Sasa, kwa nakala nyingi za flashi maandishi hayo hayapo, kwa sababu kwenye diski halisi yamehifadhiwa kando na picha na anayenakili hajali kuyabeba. Utasema, mimi Kisomali naelewa, shida iko wapi? Shida ni kwamba Kigarre cha Elwak na Kisomali cha Mogadishu si kitu kimoja, na kuna wenzetu ambao nyumbani wanaongea Kiborana. Pia yupo rafiki yako mwalimu kutoka Kisii anayetazama nawe. Yeye anaona tu watu wakipiga kelele.

Halafu kuna nakala zenye msimulizi juu. DJ Afro na wenzake tunawapenda, hakuna anayekataa kwamba wamefanya muvi za Kichina na Kihindi zieleweke hadi vijijini. Lakini hapa msimulizi anaizima sauti yenyewe tuliyoifuata. Ni mara ngapi Hollywood imempa Msomali nafasi ya kuongea lugha yake mbele ya dunia nzima, kisha akateuliwa kuwania Oscar na kushinda BAFTA mwaka wa 2014? Abdi alizaliwa Mogadishu, akakulia Yemen, akafika Minneapolis akiwa kijana mdogo, na hii ndiyo iliyokuwa filamu yake ya kwanza kabisa. Wengine watatu walioigiza maharamia nao walitoka jamii ya Wasomali wa Minneapolis. Kuwafunika sauti halafu tuseme tunajivunia kwao ni vichekesho.

Kwa hiyo kama utanunua moja tu, nunua Captain Phillips, na ukiweza iwe Blu-ray. Ina maelezo ya Greengrass mwenyewe akizungumza juu ya filamu yake, pamoja na dokumentari ya utengenezaji, Capturing Captain Phillips. Wewe unayejaribu kupiga filamu fupi kwa simu, hiyo ni shule ya bure. Greengrass hakuwaruhusu kina Abdi kukutana na Hanks hadi siku ya kupiga tukio la kuvamia chumba cha usukani. Ukilitazama tena ukijua hivyo, unaliona kwa jicho lingine.

Ya pili ni Eye in the Sky ya Gavin Hood. Abdi ni Jama Farah, mpelelezi wa Kenya aliye Eastleigh akijifanya muuza ndoo. (Hiyo Eastleigh ilipigwa picha Afrika Kusini, na mtu wa Eastleigh ataitambua ghushi kwa dakika moja.) Ni hadithi ya wakubwa wanaotazama skrini wakiwa mbali, wakibishana kama warushe kombora huku msichana akiuza mikate kando ya ukuta. Sisi wa mpakani, ambao Gedo ng'ambo pale imeshambuliwa kutoka angani mara kadhaa, hatuitazami kama burudani tu. Nakala mbovu inaiua kwa sababu kila kitu kinategemea vitu vidogo kwenye skrini: mdudu wa bandia anayeruka ndani ya nyumba, hesabu ya mikate iliyobaki mezani.

Nyingine zinaweza kungoja. Blade Runner 2049 ni nzuri sana, lakini Abdi yumo kwa muda mfupi tu. Good Time vilevile, ingawa yule mlinzi wake wa usiku hasahauliki haraka. The Pirates of Somalia anaigiza mkalimani, na tunaona yeye ni bora kuliko filamu yenyewe.

Angalia pia namba ya eneo. DVD za Marekani ni eneo la 1, za Dubai la 2, na Kenya tuko la 5. Binamu akikutumia kutoka Minneapolis huenda mashine yako ikakataa, ingawa zile za bei nafuu nyingi husoma zote. Kwa Blu-ray, Marekani ni A, sisi ni B. Bei ikikushinda, changeni watu watano mnunue moja halali, mtazame kwa zamu. Kunakili kazi ya mtu bila ruhusa ni kosa kwa Sheria ya Hakimiliki ya 2001, na si bure kwamba Kiswahili kinaita kazi hiyo uharamia, jina lilelile la wale wa Eyl.

Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji aweke tukio la ufuoni. Sikiliza kama sauti ni zao wenyewe, angalia kama maandishi yanatokea. Akikataa kuliweka, rudisha pesa mfukoni.