Brashi ya kinyozi nayo iulizwe

UKIINGIA katika kibanda cha kinyozi mtaani Majengo, iwe ni upande wa soko la Gikomba au ule unaoelekea Eastleigh, utamsikia mteja akidai jambo moja kabla hata hajafungwa kitambaa shingoni: wembe mpya. Wengine huja nao mfukoni, ungali ndani ya karatasi yake. Kinyozi huufungua mbele ya macho ya mwenyewe ili kusiwe na ubishi, na ule wa zamani hutupwa.

Tabia hii haikuja hivi hivi. Tulifunzwa na Ukimwi. Mgonjwa wa kwanza alitambuliwa nchini mwaka wa 1984, na kufikia Novemba 1999 Rais Daniel arap Moi alikuwa ameutangaza ugonjwa huo kuwa janga la kitaifa. Watu wa Majengo walilijua jambo hilo mapema kuliko wengi, kwa sababu tangu miaka ya themanini watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Manitoba, Kanada, wamekuwa na kliniki mtaani humo wakiwafuatilia akina mama, baadhi yao wakiwa hawashikwi na virusi hata baada ya miaka mingi ya kukutana navyo. Mtaa uliosaidia ulimwengu kuelewa ugonjwa hauwezi kuambiwa haujui habari za wembe.

Lakini wembe ukishafunguliwa, kinyozi huchukua brashi, akaichovya ndani ya kikombe cha sabuni na kuanza kumpaka mteja povu kutoka sikio hadi sikio. Brashi hiyo haiulizwi. Imepita kwenye mashavu ya akina nani tangu asubuhi? Imeoshwa na nini? Ni ya manyoya ya mnyama gani? Yule yule aliyekuwa mkali kuhusu wembe sasa amefumba macho na kutulia.

Maoni yangu ni kwamba brashi nayo inastahili kuulizwa, na kwamba kinyozi anayehudumia umma anapaswa kutumia brashi ya nailoni, si ya manyoya. Najua wako wazee waliozoea brashi za manyoya tangu ujana wao ambao hawatapenda kusikia hivyo. Wanisikilize kwanza.

Brashi za kunyolea zinazouzwa madukani ni za aina tatu kubwa. Iliyo ghali ni ya manyoya ya mnyama ambaye Waingereza humwita badger, jamaa wa mbali wa nyegere wetu, anayeishi Ulaya na Asia na kulala mashimoni. Uingereza yenyewe inamlinda kwa sheria ya mwaka wa 1992, kwa hivyo manyoya mengi ya kutengenezea brashi hutoka China. Ya pili ni ya manyoya ya nguruwe, ngumu kidogo na ya bei nafuu. Ya tatu ni ya nyuzi za kutengenezwa kiwandani, nailoni na ndugu zake.

Tuwe wakweli kuhusu ile ya kwanza. Manyoya ya nyegere huyo wa ng'ambo hunywa maji na kuyashika pamoja na joto lake, na povu lake huwa zito kama maziwa yaliyochemka. Ncha zake ni laini, hazichomi ngozi. Nailoni za zamani zilikuwa kama ufagio, na ndizo zilizoipa nailoni jina baya. Siku hizi nyuzi hutengenezwa nyembamba sana na kuchongwa ncha, na tofauti imepungua mno. Hata hivyo, mtu mwenye brashi yake nyumbani, anayeiosha mwenyewe na kunyoa uso wake peke yake, akipenda manyoya sina ugomvi naye. Ni starehe yake, na gharama ni yake.

Kibandani mambo ni mengine. Hapo brashi moja hupita nyuso nyingi kwa siku, na swali kubwa si ulaini. Swali ni kama brashi hiyo inaweza kusafishwa ikasafishika kabla ya mtu wa pili kukaa kitini.

Manyoya ya mnyama ni kitu kimoja na nywele za kichwa chako. Hunywa maji na kuchelewa kukauka, hasa pale chini yanapounganishwa na mpini, ambapo sabuni, magamba ya ngozi na vipande vya ndevu hujibana. Mahali penye unyevu na uchafu ndipo vijidudu hufanya maskani. Ukitaka kuviua kwa Jiki, dawa hiyo inayotumiwa kung'arisha nguo nyeupe huyala manyoya yenyewe, kama inavyoweza kuzila nywele. Ukiichemsha brashi, gundi hulegea na manyoya kuanza kung'oka. Kwa ufupi, kinyozi mwenye brashi ya manyoya ana kifaa ambacho dawa ya kuua vijidudu itakiharibu, na kwa kuwa ni cha gharama, hataitia. Ataisuuza kwa maji baridi, aikung'ute mara mbili, aendelee na kazi.

Nailoni hainywi maji. Hukauka upesi, huvumilia dawa, na ikichakaa kinyozi hasikii uchungu kuitupa. Sisemi kwamba nailoni ni safi kwa sababu tu ni nailoni. Isiyooshwa ni chafu sawasawa na ya manyoya, na pengine ni hatari zaidi kwa sababu humpa mtu imani ya bure.

Sasa kuhusu magonjwa yenyewe. Linalotokea mara nyingi ni usaha kwenye mashina ya ndevu, vijipu vidogo vinavyoletwa na bakteria wanaoishi puani na kwenye ngozi za watu wengi. Waingereza wa zamani waliyapa maradhi hayo jina la mwasho wa kinyozi, na hawakukosea mshtakiwa. Kuna pia choa, ambacho huletwa na kuvu, na kinaweza kuingia ndevuni kikaacha mabaka yasiyoota nywele.

Halafu iko homa ya ini aina ya B. Watu wameuogopa Ukimwi wakaisahau homa hii, ilhali virusi vyake huambukiza kwa urahisi zaidi kupitia damu, na vinaweza kukaa nje ya mwili kwa muda wa siku saba au zaidi vikiwa bado vina nguvu. Kenya ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi yake mwaka wa 2001. Hesabu mwenyewe: wanaume wengi wanaokaa kwenye viti vya vinyozi walizaliwa kabla ya hapo. Wembe ndio mshukiwa mkuu, sikatai. Lakini kinyozi akimkata mteja kidogo kidevuni, kisha akarudia kumpaka povu ili amalizie, damu imeingia kwenye brashi, na kutoka kwenye brashi imeingia kwenye kikombe. Mteja anayefuata atakuja na wembe wake mpya mfukoni.

Wapo watakaoniambia kwamba natisha watu bure, kwani tangu lini brashi ikaua mtu? Iliua. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, vita vile vile ambavyo wapagazi wake walituachia jina la mtaa jirani wa Kariokor, madaktari wa Uingereza na Marekani walianza kuona wanaume wenye vidonda vyeusi shingoni na kidevuni. Kilikuwa kimeta, ugonjwa ambao wafugaji wetu wanaujua kwa kuua ng'ombe. Kabla ya vita, manyoya ya nyegere yalitoka Urusi na kusafishwa Ujerumani. Vita vilipoifunga njia hiyo, viwanda vilikimbilia manyoya ya farasi kutoka mashariki ya Asia, mengine yakitengenezwa yafanane na ya nyegere, na hayakusafishwa ipasavyo. Walioambukizwa walipita 100, wengi wao wanajeshi waliopewa brashi hizo pamoja na sare, na baadhi walikufa. Mwaka wa 1920 Uingereza ilipiga marufuku brashi za kunyolea kutoka Japani.

Brashi za leo hazina sifa hiyo, kwani manyoya husafishwa viwandani. Lakini mbegu za kimeta hudumu miaka mingi sana, na kimeta chenyewe hakijahama Kenya. Mwaka wa 2015 kiliua nyati wengi katika Hifadhi ya Ziwa Nakuru. Kwa hivyo ukikuta kwenye mitumba brashi kuukuu ya manyoya, ya kizamani na mpini wa kupendeza, iweke kabatini kama pambo. Usiipeleke usoni.

Liko jambo jingine ambalo kwa Majengo haliwezi kurukwa. Mtaa huu tangu ulipoanzishwa baada ya vita hivyo umekuwa makao ya Waislamu wengi wa Nairobi. Je, mzee anayetoka kunyolewa na kuelekea msikitini anajua kwamba huenda alipakwa povu kwa singa za nguruwe? Vinyozi wengi hawajui, na wauzaji hawasemi. Neno la Kiingereza "bristle" likiandikwa kwenye pakiti ya brashi ya kunyolea, mara nyingi maana yake ni nguruwe. Na hata huyo nyegere, kwa wafuasi wa madhehebu ya Shafi ambao ndio wengi hapa na pwani, manyoya ya mnyama asiyeliwa yana maneno. Mimi si sheikh na sitatoa fatwa gazetini. Nasema tu kwamba nailoni huumaliza mjadala huo kabla haujaanza. Miswaki ya dukani nayo ilikuwa ya singa za nguruwe hadi nailoni ilipoingia mwaka wa 1938, na sijasikia mtu akiililia ile ya zamani.

Kama hujui brashi yako ni ya nini, ng'oa unywele mmoja uuchome kwa kiberiti, mbali na pakiti na nguo. Manyoya hunuka kama nywele zilizoungua na kuwa majivu. Nailoni huyeyuka na kujikunja kuwa kijitone kigumu.

Vipele vya ndevu, vinavyowasumbua sana wanaume wa Kiafrika, ni habari tofauti kidogo. Hivyo havitokani na uchafu. Nywele zetu zimejipinda, na zikikatwa karibu mno na ngozi ncha hurudi ndani na kuichoma. Brashi inaweza kusaidia, ya manyoya au ya nailoni, ikizungushwa polepole kwa maji ya uvuguvugu ili kuziinua nywele zilizolala. Iliyo ngumu ikisuguliwa kwa nguvu huzidisha moto. Lakini dawa kubwa ni kunyoa kufuata nywele zinakoelekea, au kuacha wembe kabisa na kutumia mashine inayobakisha kidogo. Hakuna brashi ya bei yoyote itakayofanya kazi ya kuacha kunyoa mpaka kwenye ngozi.

Turudi kwa kinyozi. Ninalomtaka afanye halimfilisi. Awe na brashi kadhaa za nailoni badala ya moja, ili ya mteja huyu ikiwa majini, ya mwingine iwe kavu. Aoshe kwanza kwa sabuni mpaka povu na ndevu zitoke, kwa sababu dawa haipenyi uchafu. Kisha ailoweke kwa dakika 10 katika Jiki yenye nguvu ya asilimia 3.5 iliyochanganywa na maji, kipimo kimoja kwa vipimo sita, maji hayo yakitengenezwa upya kila siku. Aisuuze sana, kwani Jiki haifai ngozini, na aitundike manyoya yakitazama chini. Na aache kikombe kimoja cha sabuni kwa wateja wote. Atie kidogo kwenye kibakuli kwa kila mtu na kumwaga kinachobaki.

Lile sanduku lenye taa ya buluu lililo karibu kila kinyozi nalo lisimdanganye mtu. Miale inayoua vijidudu hufanya kazi pale tu inapofika. Chombo bapa cha chuma kinaweza kufaidika, ila brashi ni msitu. Mwanga hauingii mpaka kwenye mizizi. Maafisa wa afya wa kaunti wanaokagua vibanda huangalia leseni na kama sanduku hilo lipo. Wakati mwingine waiombe brashi, waifunue kwa vidole na kutazama chini kuna nini.

Kwa anayeweza, lililo bora kuliko yote ni kuwa na brashi yako mwenyewe kama ulivyo na mswaki wako. Ya nailoni haizidi mfuko wa mtu anayemudu kunyolewa. Kinyozi hawezi kuona haya ukimkabidhi, kwani alikwisha kuzoea kukabidhiwa wembe.

Imebaki moja ambayo huenda umeisahau, kwa maana hata asiyefuga ndevu hukutana nayo. Ni ile brashi kubwa laini yenye poda, inayotumiwa kupangusa nywele shingoni na usoni ukishamaliza kunyolewa kichwa. Hupita juu ya ngozi iliyotoka kukwaruzwa na mashine, kisogoni ambako vipele hugeuka makovu magumu, na kwa mtoto mwenye mapunye kisha kwa asiye nayo. Hiyo sitaki hata kujua ni ya nailoni au ya manyoya. Mwambie kinyozi akupanguse kwa kitambaa safi, au utoe leso yako.