Chokaa ya Lamu iachwe ipumue

Wageni wengi kutoka Ulaya wanaonunua nyumba za kale Lamu na Shela kwa ajili ya likizo huja na nia njema na pesa za kutosha, lakini fundi wa kwanza wanayempata huwaletea mifuko ya saruji. Hapo ndipo nyumba huanza kuharibika. Kuta zile ni za mawe ya matumbawe na chokaa; hunyonya unyevunyevu wa bahari na kuutoa tena. Ukizipiga lipu ya saruji, maji hunaswa ndani, chumvi husukuma, na baada ya misimu michache ya mvua lipu inabanduka mapande mapande, pamoja na nakshi za zidaka (vishubaka vya ukutani) zilizochongwa kwa mkono. Vyumba navyo ni vyembamba kwa sababu boriti za mikoko hazivuki mbali. Anayebomoa ukuta wa kati ili apate sebule pana anaiondolea dari mhimili wake. Katiba ya Kenya haimruhusu mgeni kukodi ardhi kwa zaidi ya miaka 99, kwa hiyo, hati mkononi au la, yeye ni mlinzi wa nyumba tu. Mji wa Kale wa Lamu umo katika Urithi wa Dunia tangu 2001, na mafundi wa chokaa bado wapo mitaani. Nawasihi wenye nyumba wawatafute hao kwanza, wawalipe vizuri, na wakubali vijana wawili watatu wajifunze kazi palepale. Vitanda na viti vya enzi vinunuliwe baadaye, kwa maseremala wa hapohapo, kuta zikishakauka.