Kifaa Kinasikia, Hakisemi



Jirani yangu mmoja, mfanyakazi wa mjini Singida, ana mizinga kumi na miwili porini, kusini ya Itigi. Jumamosi moja ya kiangazi aliondoka alfajiri pamoja na mwanawe wa miaka kumi na minne kwenda kuikagua. Mfukoni alikuwa na kifaa kipya cha GPS, alichokinunua kwa akiba ya miezi mingi. Mkewe alimwuliza mlangoni, "Baba, mnakwenda upande gani hasa?" Naye akajibu, "Usiwe na wasiwasi, mama. Kifaa ninacho."

Walipomaliza kazi yao saa tisa alasiri, hawakuiona tena njia ya kurudia walikoiacha pikipiki. Hapo ndipo jirani yangu alipokitoa kifaa mfukoni na kukiwasha kwa mara ya kwanza siku ile. Baada ya dakika chache kikamwambia, kwa usahihi wa hatua chache, mahali alipokuwa amesimama. Lakini pikipiki ilikuwa wapi? Hilo kifaa hakikulijua, maana hakuna aliyekiambia. Baba na mwana wakalala porini wakiwa na nusu chupa ya maji. Asubuhi wachungaji walisikia sauti zao na kuwatoa.

Na nyumbani je? Mama alikesha. Majirani walipokuja na tochi wakamwuliza, "Twende tukawatafute wapi?" Yeye alikuwa na neno moja tu la kuwapa: Itigi. Na Itigi, ndugu msomaji, ni kubwa.

Asiyepajua pale asiwacheke watu hawa. Vichaka vya Itigi si msitu wa miti mirefu ambamo mtu huweza kuona mbali kati ya shina na shina. Ni vichaka vilivyosongamana, vya kimo cha mita 3 hadi 5, uoto wa namna ya peke yake upatikanao hapa kwetu na tena huko kaskazini ya Zambia. Aliyemo ndani haoni mlima wa kumwongoza, na kila upande unafanana na mwenzake. Na kwa kuwa mkoa wetu unasifika kwa asali, wafanyakazi wengi wa mjini wanayo mizinga katika mapori kama hayo, au shamba huko Ikungi, Mkalama na Manyoni. Wengi wao sasa wananunua vifaa hivi. Kwa hiyo leo tuzungumze jinsi ya kukichagua, kukitayarisha na kukitumia.

Tuanze na asili yake. GPS ni mfumo wa setelaiti wa Marekani, ulioundwa kwa ajili ya majeshi na kutangazwa kuwa umekamilika mwaka 1995. Setelaiti zake, zisizopungua 24, huizunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi, kila moja mara mbili kwa siku. Kila setelaiti hutangaza saa yake na mahali ilipo. Kifaa cha mkononi hupima muda ambao tangazo hilo limechukua kufika, nacho kikisikia setelaiti nne au zaidi huweza kukokotoa mahali kilipo. Hadi mwezi Mei 2000, Marekani ilikuwa ikiupunguza kwa makusudi usahihi waliopewa raia, hata kosa likaweza kufika mita 100. Tangu hapo, chini ya anga wazi, kosa ni la mita chache tu. Vifaa vingi vya siku hizi husikiliza pia setelaiti za Urusi, za Ulaya na za China.

Lizingatie neno hilo: kusikia. Kifaa cha kawaida cha GPS ni masikio, si mdomo. Kinasikia setelaiti, lakini hakimwambii mtu yeyote duniani kwamba wewe upo pale. Vipo vifaa vya gharama kubwa zaidi viwezavyo kutuma ujumbe kwa njia ya setelaiti, na hivyo aghalabu huhitaji ada ya huduma. Huenda jirani yangu alidhani kwamba kwa kuwa na kifaa alikuwa anaonekana. Hakuwa anaonekana.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Swali la kwanza la wengi ni hili: simu yangu haitoshi? Simu nyingi za kisasa zina kipokezi cha GPS ndani yake, nacho hufanya kazi hata pasipo na mtandao wa simu, maadamu ramani imekwisha kuhifadhiwa ndani kabla ya safari. Kwa mwendo wa saa mbili shambani, yatosha. Lakini simu huishiwa chaji upesi, huchukia maji na kuanguka, na kioo chake husomeka kwa shida juani. Chombo kilichoundwa kwa ajili ya porini huvumilia zaidi. Vipo, kama baadhi ya vile viitwavyo Garmin eTrex, vitumiavyo betri mbili ndogo za AA, zile ziuzwazo hata katika maduka ya vijijini. Sifa hiyo ina thamani kuliko picha za rangi.

Basi ununuapo, angalia mambo manne: betri unazoweza kuzipata huko uendako, vibonye unavyoweza kuvibonyeza hata mikono ikiwa na asali au matope, kinga dhidi ya maji, na maandishi yanayosomeka jua likiwa utosini. Kisha, kabla ya kulipa, mwombe mwenye duka mtoke naye nje, kifaa kiwashwe chini ya anga. Kifaa kipya huweza kuchukua dakika kadhaa kuzitambua setelaiti zake. Ngojeni. Kikishindwa hapo barabarani, porini hakitaweza.

Kifaa kikifika nyumbani, kitayarishe mezani kwa utulivu. Saa iwekwe saa 3 mbele ya Greenwich, na ukumbuke kwamba kikiandika 15:00 maana yake ni saa tisa alasiri. Vipimo viwe mita na kilomita. Baada ya hapo yako mambo mawili ambayo wengi huyapuuza, na yakawagharimu.

La kwanza ni namna ya kuandika mahali. Mji wa Singida upo karibu na latitudo ya nyuzi 4 na dakika 49 kusini ya Ikweta. Kifaa kingine huandika mahali hapo hapo kwa desimali, yaani 4.82, kwa sababu uzio mmoja una dakika 60 wala si 100. Mtu akisomewa "nne, arobaini na tisa" kwenye simu naye akaandika 4.49, atakuwa amekosea kwa kilomita 36 hivi. Na akisahau herufi ya kusini, ile S, atampeleka mwenzake zaidi ya kilomita 1,000 kaskazini, huko mpakani mwa Kenya na Sudan Kusini. Basi familia nzima ichague namna moja. Mimi napendekeza desimali, zenye tarakimu tano baada ya nukta. Tarakimu hiyo ya tano yaonyesha umbali wa mita moja hivi. Kwa mkoa wetu, namba ya kusini huanzia karibu na 4 hadi 7 na nusu, na ya mashariki huwa kati ya 33 na 35 na nusu. Ukiona namba iliyo mbali na hizo, simama uulize.

La pili ni msingi wa ramani. Kifaa kwa kawaida hutoka kiwandani kikiwa kimewekwa katika msingi uitwao WGS 84. Lakini ramani zetu za karatasi za siku nyingi, zile za kipimo cha 1:50,000, zilichorwa kwa msingi wa Arc 1960. Mahali pale pale, misingi hii miwili hutoa namba mbili, na tofauti yake hapa kwetu yakaribia mita 300. Katika uwanja wa mpira ungeliona kosa hilo kwa macho. Katika vichaka vya Itigi, mita 300 ni kisima usichokiona. Soma pembeni mwa ramani yako jina la msingi wake, ukiweke kifaa vivyo hivyo.

Twende sasa safarini. Ufikapo mahali unapoacha pikipiki au baiskeli, usipige hatua hata moja. Washa kifaa, simama mahali pa wazi, ngoja mpaka kizisikie setelaiti, kisha hifadhi alama ya mahali hapo na uipe jina unalolielewa. Likawa jambo la dakika tano. Dakika hizo tano ndizo zilizompungukia jirani yangu.

Kisha kiache kirekodi njia yako. Kishike au kikae juu ya begi, pasiwe chini ya sufuria na nguo, maana majani yaliyosongamana, hasa yakiwa na maji ya mvua, hudhoofisha sauti ya setelaiti. Miamba mikubwa ya mawe ambayo Singida imejaliwa nayo huikinga sauti hiyo au huirudisha kama mwangwi, nacho kifaa hudanganyika. Vilevile jua kwamba baadhi ya vifaa havina dira ndani yake: ukisimama, mshale hauna maana, tembea hatua kadhaa ndipo ukuelekeze.

Wakati wa kurudi, usiufuate mshale tu. Mshale huonyesha mstari ulionyooka, hata kama katikati yake pana korongo, kinamasi au ukuta wa Bonde la Ufa. Ifuate njia yako mwenyewe uliyoirekodi. Ulipopita asubuhi waweza kupita jioni. Chukua betri za akiba, na dira ya kawaida isiyohitaji betri. Chukua maji kuliko unavyodhani utahitaji.

Neno moja kwa wenye mashamba: usikitumie chombo hiki kugombania mpaka na jirani. Kosa la mita tatu ni dogo kwa mtafuta njia, bali ni ugomvi mkubwa kwa wenye mihogo iliyopandwa bega kwa bega. Kazi hiyo waachieni wapimaji na serikali ya kijiji.

Mtu aweza kuuliza, je, chombo hiki kimekuja kuchukua nafasi ya maarifa ya wazee? La. Ndugu zetu Wahadzabe, ambao baadhi yao wanaishi katika wilaya yetu ya Mkalama, huzunguka katika nchi ya Ziwa Eyasi wakitafuta asali, mizizi na nyama. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021, wataalamu waliwavalisha Wahadzabe vifaa vya GPS na kukusanya kumbukumbu za siku zaidi ya 2,000 za mwendo wao. Vifaa vile havikuvaliwa ili Wahadzabe wasipotee. Vilivaliwa ili wataalamu wajifunze kutoka kwao. Mwenye kuijua nchi ndiye aliyekifundisha kifaa. Usiache mbachao kwa msala upitao. Ufikapo kijijini, msalimu mwenyeji, mwulize maji yako wapi na njia ipi hupitika, na umwambie unakokwenda.

Nami namalizia pale tulipoanzia, mlangoni. Kwa kuwa kifaa hakisemi, sharti wewe useme kabla ya kuondoka. Andika katika karatasi mambo matatu: namba za mahali utakapoacha chombo chako na namba za mizinga, ambazo ulizihifadhi safari iliyopita, upande utakaopita, na saa ambayo, ikipita bila habari zako, watu waanze kukutafuta. Mpe mkeo au mumeo, naye aisome kwa sauti mbele yako ili kosa la tarakimu lionekane. Watoto nao wafundishwe. Jumapili moja tieni alama mlangoni pa nyumba, tembeeni hadi ufukoni mwa Ziwa Singidani, kisha mtoto aongoze familia kurudi kwa kifaa huku wazazi wamenyamaza. Atakosea, atacheka, naye hatasahau.

Jirani yangu bado ana mizinga yake kumi na miwili. Kila akienda kuikagua, karatasi hubaki chini ya kopo la sukari jikoni. Juzi nilimsikia mwanawe akimwambia mlangoni, "Baba, mama hajaisoma bado." Mzee akarudi ndani, akaketi, akangoja isomwe.

Tuonane Jumapili ijayo.