Ukiita dharura kwa intaneti, nani ataitika?

KIJANA wa Hagadera akitaka kumwona shangazi yake aliye Minneapolis, kazi ni ndogo. Hufungua ukurasa wa intaneti, hubonyeza kitufe, na mara wanatazamana uso kwa uso. Lakini nyumba ikishika moto usiku, ukurasa uo huo hauwezi kumfikishia polisi walio karibu.

Mbona hivi? Ukipiga 112 au 999 kwa simu ya mkononi, kampuni ya simu inajua ni mnara upi uliokushika, hivyo inajua pa kukuelekeza. Tena 112 imeundwa ipite hata kwenye mnara wa kampuni nyingine iwapo wako umezimika. Kaskazini Mashariki, ambako minara imelipuliwa mara kadha, hilo si jambo dogo.

Simu ya intaneti ina njia zake. Ufundi unaoiendesha, WebRTC, ulitolewa na Google mwaka wa 2011, na shirika la W3C likaupitisha kuwa kiwango rasmi Januari 2021. Kiwango hicho kinaeleza jinsi sauti na picha zinavyosafiri. Kazi ya kumtafuta unayempigia iliachiwa mwenye tovuti, ambaye huenda yuko California na hajawahi kusikia jina Fafi.

Wataalamu hawakulala. Mwaka uo huo wa 2011, shirika la IETF lilichapisha mwongozo: simu ya dharura ibebe habari za mahali mpigaji alipo, ipelekwe kituo kinachohusika, na mpigaji aweze kupigiwa tena ikikatika. Mwongozo ni mzuri, ila unahitaji kituo chenye mitambo ya kupokea simu hizo. Na mahali penyewe? Kompyuta isiyosoma setilaiti hukisia tu, na ya Hagadera inaweza kudai iko Nairobi, mamia ya kilomita kutoka hapo!

WhatsApp imekiri katika masharti yake kwamba haipigi simu za dharura. Lakini jamani, ni nani husoma masharti? Onyo hilo lingeandikwa kando ya kitufe, kwa herufi za kuonekana na mtoto.

Maana mtoto mwenye tableti ya Wi-Fi isiyo na laini hana 112 kabisa. Itambidi akimbilie mulika mwizi ya jirani, ambayo hata bila salio humpigia polisi.