Rangi ya Juisi Haizibui Mishipa

Sokoni, vituo vya mabasi na kwenye makundi ya WhatsApp, mwenye kisukari anapewa ushauri uleule: kunywa vyekundu. Juisi ya rozela au ya bitiruti, wanadai, husafisha damu na kuzibua mishipa ya moyo, kwa hiyo vidonge waweza kuviacha pole pole. Imani hii inaua watu.

Wekundu wa rozela ni anthosayanini, wa bitiruti ni betalaini; karoti ina karotini. Anayekula mboga na matunda kwa wingi anaufaa moyo wake, hilo silipingi. Lakini nani kathibitisha kwamba rangi ndiyo tiba? Hata bitiruti inaposhusha presha kidogo, kazi hiyo hufanywa hasa na naitreti, nayo haina rangi.

Rangi ya karoti imekwishapimwa kwa watu. Huko Ufini wavutaji sigara zaidi ya 29,000 waligawanywa, wengine wakapewa beta-karotini. Majibu yalipotoka mwaka 1994, waliokuwa wakiimeza walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi. Uingereza nayo ilifuatilia watu zaidi ya 20,000, karibu 6,000 kati yao wana kisukari. Beta-karotini pamoja na vitamini C na E, kila siku kwa miaka mitano, hazikuzuia mshtuko wa moyo wala kiharusi. Katika utafiti huohuo, kidonge cha kushusha lehemu, simvastatini, kilipunguza majanga hayo kwa takribani robo, kwa wenye kisukari pia. Sasa mtu anashauriwa aache hicho kilichofaulu!

Tena rozela ni chachu, haishuki bila sukari. Anayeiuza anaijua kazi yake: anaimimina sukari, na mgonjwa anailipia akiamini anajitibu.

Siwalaumu wanunuzi. Ugonjwa wa moyo na mishipa ndio unaoongoza kuua wenye kisukari cha aina ya pili, ila kliniki mazungumzo huishia kwenye kipimo cha sukari. Mgonjwa anatoka dirisha la dawa na kidonge cha lehemu ambacho hakuna aliyemweleza ni cha nini. Hakimpunguzii maumivu, hakishushi sukari. Ataona sababu gani ya kuendelea kukinunua? Muuza juisi, yeye, ana muda wa kukaa naye na kumweleza. Daktari na nesi wamwambie mgonjwa waziwazi, siku ileile anapoandikiwa: hiki ni cha kukulinda moyo, usikiache hata ukijisikia mzima.